Upanga kwenye filamu, pipa la bia kwenye historia: ujasusi wa makasri ulivyokuwa kweli

Kila filamu ya zamani ya majasusi wa kifalme inapopata watazamaji wapya, swali linalofuata ni lilelile: haya yalitokea kweli? Kijana mtanashati anavuka bahari kwa jina la mtu aliyekufa, anaingia katika kasri la adui, anasogea hadi mbele ya mfalme, anapata majina ya wasaliti, kisha anaondoka kwa kupigana ngazi baada ya ngazi. Wapo wanaoipokea hadithi yote kama somo la historia. Wapo wanaoitupa yote kama hekaya. Pande zote mbili zinapoteza sehemu nzuri zaidi ya kisa.

Hadithi hiyo ya jina la marehemu imo katika Fire Over England, filamu ya Uingereza ya mwaka 1937, ambamo Laurence Olivier ndiye kijana mwenyewe. Mwaka 1940 Hollywood ikatoa The Sea Hawk, iliyoongozwa na Michael Curtiz, Errol Flynn akiwa nahodha anayezipora merikebu za Hispania. Katika filamu zote mbili malkia ameigizwa na mtu mmoja, Flora Robson. Na zote mbili zimesimama juu ya ushindani uleule: Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala Uingereza kuanzia 1558 hadi 1603, dhidi ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, aliyetawala kuanzia 1556 hadi 1598.

Mimi nazipenda filamu hizi, na kwa sababu nazipenda nataka zitazamwe kwa macho yaliyofunguka. Wafalme wale walikuwapo. Hofu yao ilikuwapo. Barua za siri zilikuwapo, tena kwa mamia. Kitu kilichobuniwa zaidi ni upanga. Pale filamu inapoweka upanga, historia imeweka pipa la bia, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Kasri, katika habari hizi, ni watu kuliko jengo. Ni mawaziri, makatibu, wajakazi, makasisi, wapambe, mabalozi na kila mtu aliye karibu na sikio la mfalme. Mfalme akihama, kasri limehama naye. Maamuzi makubwa hayakutoka kwenye bunge lenye kumbukumbu wazi. Yalitoka chumbani, korido, au juu ya farasi wakati wa kuwinda. Ndiyo maana mtu mdogo kabisa, anayebeba mishumaa tu, aliweza kuwa na habari yenye bei.

Jasusi wa wakati ule hakuwa mwajiriwa wa idara. Hapakuwa na idara. Alikuwa mfanyabiashara, mwanafunzi, mkimbizi wa dini, kasisi aliyekata tamaa au katibu mwenye madeni, aliyekubali kuandika anayoyaona kwa malipo au kwa ahadi ya kusamehewa kosa. Balozi naye alikuwa na kazi mbili ambazo kila mtu alizijua: kumwakilisha mfalme wake, na kukusanya habari. Nyumba yake ilikuwa kiota cha upelelezi kilichoruhusiwa na mwenye nchi.

Kisha yupo anayewahudumia wawili wanaochukiana, kila mmoja akidhani ni wake. Kiswahili kina jina lake tayari: ndumilakuwili, yule nyoka anayesemekana kuuma kwa ncha zote mbili. Filamu humpa sehemu ndogo. Katika historia ndiye aliyebeba mzigo wote.

Sasa, ugomvi wenyewe ulitoka wapi? Hapa filamu hukimbia, zikatuacha tudhani Philip alizaliwa akiichukia Uingereza. Philip alikuwa shemeji yake Elizabeth. Mwaka 1554 alimwoa Mary Tudor, dada yake Elizabeth kwa baba, na kwa miaka minne alihesabika kuwa mfalme wa Uingereza pia. Mary alipofariki 1558 na Elizabeth akarithi kiti, Philip alimposa Elizabeth mwenyewe. Elizabeth alimzungusha kwa maneno matamu mpaka posa ikafa yenyewe. Hawakuanza kama maadui, na kwa miaka mingi kila mmoja alijitahidi kuiahirisha vita.

Kilichowatenganisha ni mambo matatu yaliyosukana kama kamba. La kwanza ni dini: Philip Mkatoliki, Elizabeth Mprotestanti. Mwaka 1570 Papa Pius wa Tano alimtenga Elizabeth na Kanisa na kutangaza kwamba raia wake hawafungwi tena na kiapo cha kumtii. Siku ile kila Mkatoliki wa Uingereza, hata yule aliyetaka kulima shamba lake kwa amani, akawa mtu wa kushukiwa. La pili ni Uholanzi, iliyokuwa chini ya Philip na iliyoasi. Mwaka 1585 Elizabeth akawapelekea waasi askari. La tatu ni fedha iliyochimbwa Amerika na kusafirishwa hadi Hispania kwa merikebu, ambazo mabaharia wa Kiingereza walizivizia.

Katikati ya hayo yote alikaa mwanamke mmoja, Mary wa Uskoti, Mkatoliki na mtoto wa binamu yake Elizabeth. Alikimbilia Uingereza mwaka 1568 baada ya kupinduliwa kwao, akafungiwa huko karibu miaka 19. Fikiria nyumba ya urithi. Anayeishi humo hana mtoto. Mrithi wa karibu kuliko wote yumo ndani ya nyumba hiyohiyo, kafungiwa chumba cha nyuma, na majirani wenye nguvu wanamtaka yeye ndiye awe mwenye nyumba. Kila barua itakayopita chini ya mlango wa chumba kile ni jambo la uhai na kifo. Ukilielewa hilo, umeelewa kwa nini ujasusi wa enzi ile ulikuwa zaidi ya yote ujasusi wa barua.

Barua ilikuwa na ulinzi wa tabaka kadhaa. Kwanza, kuikunja. Hapakuwa na bahasha, hivyo karatasi yenyewe ilikunjwa na kufungwa kwa namna ambayo anayeifungua lazima aichane kidogo. Barua ya mwisho ya Mary, aliyoiandika usiku wa kuamkia siku ya kuuawa kwake, ilifungwa kwa ukanda mwembamba uliokatwa kwenye ukingo wa karatasi hiyohiyo na kupitishwa tena na tena katika tundu. Pili, lakiri iliyopigwa muhuri. Tatu, wino usioonekana: maji ya limau, maziwa, au shabu iliyoyeyushwa. Mary mwenyewe aliisifia shabu katika barua zake. Nne, maandishi ya mafumbo, ambapo kila herufi imebadilishwa kuwa alama.

Mafumbo hayo huwatisha watu, lakini msingi wake ni rahisi. Chukua ukurasa wowote wa Kiswahili uhesabu herufi zake. Utakuta a imezizidi nyingine zote kwa mbali. Sasa tuseme kila a imegeuzwa nyota na kila i imegeuzwa msalaba. Msomaji asiye na ufunguo akihesabu alama, ile inayojirudia kuliko zote itamjulisha kwamba yenyewe ndiyo a. Akishaipata hiyo, jirani zake wanaanza kujitaja. Mbinu hii iliandikwa na mwanachuoni al-Kindi, Baghdad, katika karne ya 9. Makatibu wa Ulaya katika karne ya 16 waliijua, na kwa hiyo walijihami: waliongeza alama za makapi zisizo na maana yoyote, na alama moja iliyosimama badala ya neno zima, mfano jina la mfalme.

Kazi hiyo haijakwisha hata leo. Mwaka 2023 watafiti watatu walitangaza kwamba wamefumbua barua zaidi ya 50 za Mary zilizokuwa zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris. Hakuna aliyejua ni zake, kwa sababu zilikuwa zimeorodheshwa kama karatasi za mambo ya Italia. Nyingi alimwandikia balozi wa Ufaransa aliyekuwa London. Baadhi ya barua hizo zilikuwa zimekwisha kujulikana, kwa sababu nakala zake zilivuja kutoka katika nyumba ya balozi zikafika mikononi mwa Waingereza Mary akiwa bado hai. Kikulacho ki nguoni mwako.

Aliyezipokea nakala hizo alikuwa Francis Walsingham, katibu mkuu wa Elizabeth kuanzia mwisho wa 1573 hadi alipofariki 1590. Filamu humvalisha nguo nyeusi na kumfanya mchawi anayejua kila kitu. Nguo nyeusi ni kweli. Lakini mtu huyu alikuwa balozi Paris mwaka 1572, Waprotestanti walipochinjwa mitaani kuanzia siku ya Mtakatifu Bartholomew, na hofu aliyoiona kule hakuiacha kule. Mtandao wake aliulipia kwa fungu la malkia na kwa mfuko wake mwenyewe. Alifariki akiwa na madeni, akazikwa usiku bila shamrashamra.

Sasa tulifikie lile pipa. Mwishoni mwa 1585 Gilbert Gifford, kijana Mkatoliki aliyesomea ukasisi, alitua Uingereza akitokea Ufaransa na kukamatwa. Alipofika mbele ya Walsingham alitoka akiwa ndumilakuwili. Wakati huo Mary alikuwa ameshikiliwa katika nyumba ya Chartley, chini ya mlinzi mkali aitwaye Amias Paulet, na barua zake za siri zilikuwa zimezibwa kabisa. Gifford alikwenda kwa balozi wa Ufaransa na kumweleza kwamba amepata njia. Mpika bia wa mji wa Burton hupeleka mapipa Chartley. Barua itiwe ndani ya kijaluba kisichopenyeza maji, kijaluba kiingizwe kwenye tundu la pipa. Pipa linaingia limejaa, linatoka tupu, na barua inakwenda na kurudi.

Mary alifurahi sana. Hakujua kwamba njia nzima ilikuwa imejengwa na Walsingham. Kila barua ilipitia kwanza kwa Thomas Phelippes, bingwa wa kufumbua mafumbo, na kwa Arthur Gregory, aliyejua kuvunja lakiri na kuirudisha bila alama. Mpika bia naye alilipwa na pande zote mbili, kisha akadai bia yake iongezwe bei. Hilo la mwisho hakuna mwandishi wa filamu angethubutu kulibuni, na kwangu ndilo linalothibitisha kuwa tuko katika dunia ya kweli.

Julai 1586 kijana tajiri Anthony Babington alimwandikia Mary kuhusu mpango: majeshi ya nje yaje, Mary aokolewe, na mabwana sita wamuue Elizabeth. Mary alijibu tarehe 17 Julai. Hakuukataa mpango. Phelippes alipomaliza kuifumbua barua ile alichora juu yake mti wa kunyongea. Halafu, kabla barua haijaendelea na safari, akaongeza chini yake maneno ya kughushi, kwa mafumbo yaleyale, yakimwomba Babington ataje majina ya wale sita. Rasimu ya nyongeza hiyo ipo hadi leo.

Babington na wenzake waliuawa Septemba mwaka huo. Mary alishtakiwa Oktoba, akakatwa kichwa katika ngome ya Fotheringhay tarehe 8 Februari 1587.

Je, Walsingham alimtega? Njia ilikuwa yake, ndumilakuwili alikuwa wake, na nyongeza ya kughushi ilitoka mezani kwake. Lakini wazo la kumuua Elizabeth hakulipanda yeye, na jibu la Mary liliandikwa kwa ridhaa ya Mary. Mimi naona yote mawili ni kweli kwa pamoja, na filamu inayochagua moja ili iwe na mtakatifu na shetani inatupunguzia kisa.

Hapa pia ndipo uongo maarufu kuliko wote unapokaa. Mara nyingi kwenye jukwaa na kwenye filamu Elizabeth na Mary hukutana ana kwa ana na kutupiana maneno makali. Hawakuonana hata siku moja. Karibu miaka 19 katika nchi moja, mmoja amemfunga mwenzake, na kila walichokijua kuhusu mwenzake kilitoka kwenye karatasi na midomo ya watu. Nadhani ukweli huo unatisha zaidi ya mkutano wowote wa kubuni.

Uongo mwingine ni waziri msaliti. The Sea Hawk ina Lord Wolfingham, mtu wa ndani kabisa anayekula njama na Hispania. Hakuwapo waziri huyo. Lakini nje ya mlango wa malkia hali ilikuwa tofauti: wanahistoria wengi wanaamini kwamba Edward Stafford, balozi wa Elizabeth mjini Paris, aliuza habari kwa Bernardino de Mendoza. Mendoza huyu alikuwa balozi wa Hispania London mpaka alipofukuzwa mwanzoni mwa 1584 kwa kuhusika katika njama ya kumwondoa Elizabeth. Akahamishiwa Paris, akaendelea na kazi ileile akiwa upande wa pili wa maji. Philip, kwa hiyo, hakuwa kipofu. Alikuwa mtu wa meza na karatasi, anayesoma ripoti mpaka usiku na kuandika maoni yake pembeni kwa mkono wake.

Ila wingi wa ripoti si wingi wa maarifa, na hapo Waingereza waliwashinda Wahispania kidogo. Philip alipoanza kuunda ile armada, kundi kubwa la merikebu za kuivamia Uingereza, Walsingham alimtegemea Anthony Standen, Mkatoliki wa Kiingereza aliyeishi Florence kwa jina la bandia Pompeo Pellegrini. Standen alikuwa na mtu mwenye ndugu katika utumishi wa amiri wa Hispania mwenyewe. Hakuna aliyechomoa upanga. Zilikuja orodha: merikebu ngapi, askari wangapi, vyakula kiasi gani.

Tena kuna mapipa. Aprili 1587 Francis Drake aliivamia bandari ya Cádiz na kuchoma merikebu. Filamu zingeishia kwenye moto. Pigo lililouma zaidi lilikuja baadaye, alipokamata, katika pwani ya Ureno, vyombo vilivyobeba mbao kavu za kuundia mapipa. Bila mbao hizo mafundi walitumia mbao mbichi, na armada ilipoondoka Lisbon mwaka 1588, ikiwa na merikebu takriban 130, maji na chakula vilianza kuoza ndani ya mapipa yanayovuja.

Msomaji akikuta vita vya Gravelines, ambamo Waingereza walipambana na armada hiyo, vimeandikwa tarehe 8 Agosti 1588 katika kitabu kimoja na 29 Julai katika kingine, asidhani kuna anayedanganya. Hispania ilihamia kalenda mpya mwaka 1582. Uingereza iliikataa mpaka 1752. Makasri hayo mawili yalikuwa yameachana kwa siku 10 hata kwenye kalenda ya ukutani.

Kwa nini basi filamu ziliyapanga mambo upya hivi? Angalia miaka yake. Mwaka 1937 Ujerumani ya Hitler ilikuwa inajijenga upya kwa silaha. Mwaka 1940 Uingereza ilikuwa vitani. The Sea Hawk inafunguka na Philip mbele ya ramani ya dunia, akitaka yote iwe yake, na mtazamaji wa mwaka ule hakuhitaji kuambiwa ni nani anayezungumziwa. Philip wa filamu ni Hitler aliyevaa nguo za karne ya 16. Ni filamu kuhusu 1940, na kwa shabaha hiyo ilifanya kazi yake vizuri.

Lakini kuna jambo siwezi kulipita. Katika filamu hiyo Errol Flynn na mabaharia wake wanakamatwa na kufungwa minyororo kama watumwa, wapige makasia katika chombo cha Hispania. Inauma kutazama, na imekusudiwa iume. Mabaharia wa kweli walioivuvia hadithi hiyo walianza vipi? John Hawkins, kuanzia 1562, alikamata na kununua Waafrika katika pwani ya Afrika Magharibi na kwenda kuwauza katika makoloni ya Hispania. Katika safari yake ya 1564 Elizabeth alichangia merikebu, Jesus of Lübeck. Drake kijana alikuwa naye katika safari iliyoishia San Juan de Ulúa, Mexico, mwaka 1568, ambapo Wahispania waliwashambulia na chuki ya maisha ikazaliwa. Filamu imechukua minyororo ya Waafrika ikawavisha Waingereza, kisha ikanyamaza kuhusu wenye minyororo.

Na Waafrika walikuwamo hata katika ujasusi. Julai 1572 Drake alipoushambulia mji wa Nombre de Dios, Panama, Mwafrika mmoja mtumwa aitwaye Diego alikimbilia kwenye mashua zake. Walimfyatulia risasi. Hakurudi nyuma, akang'ang'ana mpaka wakampakia. Alikuja na habari ya idadi ya askari wa Hispania waliokuwa mjini, na baadaye ndiye aliyemuunganisha Drake na Wacimarrón, Waafrika waliotoroka utumwa na kuishi msituni. Wao ndio waliojua misafara ya nyumbu waliobeba fedha inapita wapi na lini. Jaribio la kwanza la kuivizia lilishindikana. La pili, 1573, lilifaulu, na utajiri wa Drake ukaanzia hapo. Habari sahihi, kwa wakati, kutoka kwa mtu aliye karibu na siri: kama huo si ujasusi, sijui ujasusi ni nini.

The Sea Hawk inamalizika malkia akimpa nahodha cheo cha Sir juu ya sitaha ya merikebu. Tukio hilo lilitokea, ila kwa Drake, huko Deptford, tarehe 4 Aprili 1581, baada ya kuizunguka dunia. Elizabeth aliushika upanga, kisha akamkabidhi mjumbe wa Ufaransa ndiye amguse nao Drake begani, ili Philip asikie kwamba Ufaransa nayo imo. Diego alikuwa ameondoka na Drake katika safari ileile ya kuizunguka dunia. Alifariki njiani, na siku ya Deptford hakuwapo.